Mke wa Mama

Jumamosi, 4 Oktoba

Leo ushirika wetu umekufa rasmi. Kusema kweli ulikufa kabla sijazaliwa: trekta limebaki mifupa nyuma ya ghala, na mabati ya ghala yaling'olewa na watu wasiojulikana ambao kila mtu anawajua. Lakini shamba lilikuwa bado la wote. Leo wanachama wamekutana shuleni wakakubaliana ligawanywe, kila nambari ya uanachama ipate hati yake.

Nambari yetu ilikuwa ya susu Wavinya, mama yake Baba. Yeye na wanawake wenzake ndio waliochimba mitaro ya shamba lile kwa mwethya, leo kwa huyu kesho kwa yule, wakiimba. Mama husema siku hizo hakuna mwanamke aliyeulizwa mume wake ni nani. Aliulizwa kama ana jembe. Susu alipokufa nambari ikaja kwa Baba, na Baba naye tulimzika mwaka juzi.

Katibu, Mzee Erastus, alisema kila nambari ilete jina la mrithi kabla Januari haijaisha. Hapo baba mkubwa Maundu, kaka yake Baba, akasimama, akavua kofia.

"Mimi nauliza tu kwa heshima," akasema. "Kuna nyumba haziko na mtu. Kama hii ya mke wa ndugu yangu. Hiyo nambari inarudi kwa ukoo ama namna gani?"

Haziko na mtu. Nilikuwa nimeketi hapo hapo kando ya Mama. Niliangalia miguu yangu, nikaona ipo.

Jumanne, 7 Oktoba

Joto. Hakuna wingu. Mama hajala jana wala leo.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya kanisa tulimpelekea Ndila muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe.

Ndila ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza, ingawa amenipita umri. Ana miaka kumi na tisa, maana alichelewa kuanza shule akilea wadogo zake. Kwa hesabu hana mpinzani katika kidato chetu cha tatu. Hakuwa naye, niseme, kwa kuwa Julai aliacha shule. Fundi aliyekuwa akijenga maabara yetu alimwahidi ndoa. Maabara ikaisha, na fundi akaisha nayo. Ukimpigia, unaambiwa mteja hapatikani. Baba yake Ndila akamfukuza. Sasa analala jikoni kwa jirani, na mama yake, Pauline, humletea chakula amekificha chini ya leso kama mwizi.

Mama alikuwa hajamwona tangu tumbo lionekane. Alimsalimu, akamshika mkono, kisha akaliangalia tumbo lile muda mrefu mpaka Ndila akajifunika. Nilidhani ni huruma.

Jumapili, 19 Oktoba

Tulikuwa tunachagua mbegu za ndengu, Mama na mimi, tukitoa zilizotobolewa na wadudu.

"Mutheu," akasema, "nataka kuoa."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Si unajua iweto?"

Najua. Hapa kwetu kila mtu anajua. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa msichana, amletee watoto nyumbani, na watoto hao huwa wa nyumba yake kama waliozaliwa na yeye mwenyewe. Nilidhani ni mambo yaliyozikwa na kina susu.

"Unaoa nani?"

"Ndila. Mtoto tayari ako njiani. Hana baba, hana nyumba. Mimi niko na nyumba."

"Na kama ni msichana?"

Mama alitupa mbegu mbovu kwa kuku. "Mungu hawezi kunifanyia hivyo mara tatu."

Nzilani dada yangu ni wa kwanza. Mimi ni wa pili. Nilisikia hayo maneno yakipita ndani yangu, yakatafuta pa kukaa.

"Na shule yake?" nikauliza baadaye.

"Atarudi. Akishazaa, mimi nitalea, yeye arudi darasani. Nimeapa kwa jina la babako."

Kwa hiyo nikaenda mimi mwenyewe kumwambia Ndila. Nilikuwa nimejitayarisha kumbembeleza, kumweleza kwamba tutalala chumba kimoja, tutasoma pamoja. Alinikatiza.

"Nitalala kitandani?"

"Ndiyo."

"Basi mwambie mamako nimekubali."

Ijumaa, 24 Oktoba

Tumefunga shule. Nimekuwa wa tatu. Ndila aliangalia karatasi yangu ya hesabu akaona kosa ambalo mwalimu hakuliona.

Jumamosi, 1 Novemba

Mbuzi za ntheo zimepelekwa kwa kina Ndila. Baba yake, aliyesema hataki kuona uso wake tena duniani, alizipokea akicheka mpaka magego yakaonekana. Kikwetu, mbuzi hizo zikishavuka lango, msichana si wa hapo tena. Pauline alileta chai, akamwaga kikombe cha kwanza, akasema ni mikono imezeeka.

Tukiwa njiani kurudi mvua ya kwanza ikatushika. Wazee wakasema ni baraka. Tulikimbia chini ya mti wa mkuyu, tope limetufika magotini, na Ndila akaninong'oneza:

"Sasa mimi ni mamako. Leta maji nioge."

Tulicheka mpaka Mama akageuka. Hata yeye akatabasamu. Sijamwona hivyo tangu Baba alipokufa.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua. Tumepanda ndengu na maharagwe.

Jumapili, 9 Novemba

Mvua. Kanisani watu walituachia benchi nzima.

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua. Ndengu zimechomoza zote, hata mstari mmoja haujaruka.

Jumapili, 23 Novemba

Nataka kuandika kwamba nimefurahi, hata kama ni aibu kufurahia jambo kama hili. Tunalala chumba kimoja. Asubuhi tunapalilia watatu, Mama katikati. Ndila hawezi kuinama vizuri, kwa hiyo anapalilia ameketi, akijisogeza kama bata, na Mama anamtania. Mchana ananifundisha hesabu za mwaka ujao. Mama humpa nyama ya juu, na usiku anamfunika.

Jana nikapata ujasiri wa kumuuliza Mama kwa nini anamwogopa Maundu hivyo. Akaendelea kupalilia hadi mwisho wa mstari kabla ya kujibu.

"Simwogopi. Unakumbuka tulipomzika babako? Walitafuta mtu wa kutupa mchanga wa kwanza. Nikatoka, nikawashika mkono wewe na Nzilani. Maundu akaturudisha pole pole, kama mtu anafukuza kuku. Akamwita Antony wake. Kijana wa watu akamfunika mume wangu, na watu wakaendelea kuimba tu."

Akapangusa jembe kwa kidole.

"Mimi sitaingia kwa shimo bila mtu, Mutheu."

Nilitaka kumwambia tuko sisi. Lakini uso wake ulikuwa umefungwa, na jembe likarudi kazini.

Alhamisi, 25 Desemba

Nzilani amekuja kutoka Athi River, ambako anashona nguo kiwandani. Amemletea mtoto kofia aliyoishona kwa vitambaa vilivyobaki. Amemkumbatia Ndila kama mdogo wake. Lakini baada ya chakula akamfuata Mama jikoni, na mimi nilikuwa nikiosha sufuria mlangoni.

"Mwaitu, mimi niko na miaka ishirini na nne. Nimesomesha Mutheu. Hii nyumba nimeiweka saruji. Mimi ni nani hapa?"

"Wewe ni mtoto wangu."

"Sasa kwa nini hutaki kuandika jina la mtoto wako?"

"Kwa sababu utaolewa."

"Katiba inasema—"

"Katiba ilikuwa wapi siku ya mazishi?" Mama hakupaza sauti. "Wewe unaniambia kitabu. Mimi nakuambia kaburi."

Nzilani ameondoka leo leo, hakungoja kesho. Alimwachia Mama leso mpya juu ya kiti.

Jumapili, 4 Januari

Jana alasiri, katika zahanati ya Muthetheni, Ndila alijifungua. Ni mvulana. Aliumwa tangu alfajiri na alinishika kifundo cha mkono hadi sasa kina alama. Muuguzi alipomwinua mtoto, Ndila aliuliza, "Ako na vidole vyote?" Mama aliuliza kitu kingine.

Mama amempa jina la Baba, Mwendwa. Kina nyanya wote huku huwaita wajukuu wavulana mume wangu, ni utani wa kawaida. Mama akisema hautanii. Anamwogesha akimsimulia habari za shamba, anamwambia ndengu ziko karibu kukauka, kwamba ule mtaro wa chini umebomoka na atamsaidia kuutengeneza. Baba mkubwa Maundu alikuja na sukari, akamwangalia mtoto, akasema, "Karibu, ndugu yangu." Mama alimtolea kiti kizuri.

Ndila ameketi kitandani. Amenishika mkono akasema, "Kila mtu amemwona, isipokuwa mimi. Wananirudishia tu wakati wa kunyonya."

Jumatatu, 5 Januari

Kidato cha nne. Kwenye dawati la Ndila ameketi msichana mgeni. Anasugua mguu wa dawati kwa kiatu siku nzima.

Jumatano, 14 Januari

Tumeanza kuvuna ndengu. Mikono yote imekuwa myeusi.

Jumamosi, 24 Januari

Leo kamati imeandika warithi. Meza ilikuwa mbele ya ghala lisilo na paa. Mama alimbeba mtoto mwenyewe, amevaa leso ile ya Nzilani. Mimi nilikuwa nimetimiza kumi na minane Novemba, na kitambulisho changu kipya kilikuwa mfukoni. Sijui kwa nini nilikibeba. Hapana. Najua.

Mzee Erastus aliinua macho akatutazama, Mama, mimi, mtoto, tena mimi.

"Mama Nzilani," akasema, "uko na mabinti wawili watu wazima. Sheria inawatambua. Naweza kuandika majina yao sasa hivi, na hapa hakuna mtu ataongea."

Nilimgeukia baba mkubwa Maundu. Nilingoja asimame, avue kofia. Alikuwa ameegemea ukuta. Alikohoa, akaangalia chini.

"Sheria ni sheria," akasema.

Ndiyo hivyo. Mlango tuliouogopa tangu Oktoba ulikuwa wazi. Hakuna aliyeushika. Nilitoa kitambulisho nikakiweka juu ya meza.

Mama alikichukua. Akakiangalia, akakipangusa vumbi kwa leso, akanirudishia mkononi.

"Andika Mwendwa," akamwambia Erastus.

Tulirudi nyumbani mmoja nyuma ya mwingine. Katikati ya shamba akasimama.

"Umekasirika."

"Hapana, mwaitu."

"Wewe utaenda kwa watu. Nikikuandika wewe, nimeandika mwanamume mimi simjui."

"Na nisipoolewa?"

Akacheka kidogo, kicheko cha upendo kabisa, kama nimeuliza kama mvua itanyesha kwenda juu. Kicheko hicho ndicho kimeniuma. Miezi yote hii nimemchukia Maundu.

Jumatano, 28 Januari

Sina la kuandika.

Jumapili, 1 Februari

Jua. Tumepiga ndengu kwa fimbo siku nzima. Mama aliimba peke yake.

Jumapili, 8 Februari

Ndila ameuliza habari ya shule. Alichagua saa nzuri, baada ya chai, mtoto amelala.

"Mwaitu, mwalimu mkuu alisema bado naweza kuingia muhula huu. Nitakuwa nakuja kumnyonyesha mchana."

"Mtoto ni mdogo."

"Ulisema utalea wewe."

"Nitalea. Lakini ngoja atembee." Mama alikuwa anakunja nepi. "Na akitembea, ni vizuri apate ndugu. Mtoto mmoja ni kama jicho moja. Nimeongea na mtu fulani, ni mtu wa heshima, ako na watoto wanaume tu. Hatakusumbua."

Alisema kama anavyosema habari ya kumpeleka ng'ombe kwa fahali wa jirani. Nikaangalia uso wake nikitafuta ubaya, sikuupata. Ni uso ule ule wa aliyemfunika Ndila usiku wa mvua.

Ndila aliweka kikombe chini. "Uliapa kwa jina la mumeo."

"Na ni yeye namtafutia watu," Mama akasema.

Jumanne, 10 Februari

Tangu Jumapili kuna sheria mpya ambayo haikutangazwa: Ndila akitoka, mtoto anabaki. Mtoto akitoka, Ndila anabaki.

Tumeongea kisimani, mimi na Ndila. Shangazi yake, Ndanu, anayeuza nyanya Katelembo, amempigia simu. Kuna shule huko inampokea hata akiwa na mtoto, na shangazi atamshikia.

"Siwezi kumwacha," akasema Ndila. "Na nikikaa siwezi kuwa mtu tena. Nitakuwa tumbo tu."

Hakuniomba kitu. Angeniomba ningeweza kukataa.

Jumamosi, 14 Februari

Leo ilikuwa siku ya chanjo ya wiki sita. Mama ananiamini. Amenifunga mtoto mgongoni kwa mikono yake, akaikaza leso, akampiga busu kichwani. "Rudi mapema, mume wangu, jua lisikuchome." Ndila alikuwa ametoka zamani kwenda kusaga mahindi; Mama aliona sheria yake haivunjiki, maana mtoto yuko nami.

Alichanjwa, akalia, akanyamaza. Nikaenda sokoni Muthetheni, nyuma ya duka la pembejeo, na Ndila alikuwa hapo na debe la mahindi ambayo hayakusagwa.

Nilimfungua mgongoni. Mgongo wangu ulipata baridi. Ndila alimpokea, akamnusa shingoni, akamvua ile kofia ya Nzilani akaiangalia, akamvisha tena. Hakunishukuru, na mimi sikutaka.

"Mamako atakufanya nini?"

"Ni mamako pia," nikasema. Tulijaribu kucheka kama siku ile ya mkuyu. Kicheko hakikuja.

Nilisimama mpaka gari lao likapotea, ndipo nikabeba debe.

Mama alikuwa ameshapasha maji ya kumwogesha. Aliona leso mkononi mwangu.

"Mtoto ako wapi?"

Nilikuwa nimetunga uongo njia nzima. Haukutoka. "Nimempa mamake. Wameenda."

Hakunipiga. Ningefurahi angenipiga. Alichukua karai akayamwaga maji yale polepole kwenye shina la mpapai, mpaka tone la mwisho. Akaanua nepi kwenye kamba, akazikunja zote. Kisha akaketi chini na kutoa sauti ambayo sikuisikia hata siku ya Baba.

"Nilikuwa nimeshika mtu," akasema. "Kwa mikono yangu, Mutheu. Mtu."

Na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake.

Jumatatu, 16 Februari

Baba mkubwa Maundu alitaka kwenda Katelembo kumchukua mtoto kwa nguvu. "Mbuzi tulitoa," akasema. Mama alimkataza. Hakusema kwa nini.

Jumatano, 18 Februari

Mama hasemi nami. Ananiwekea chakula.

Jumamosi, 21 Februari

Mzee Erastus amekuja nyumbani na wanakamati wawili. Mpimaji anakuja wiki ijayo, na jina la mtoto haliwezi kubaki kama mtoto mwenyewe hayuko na mamake anakataa aandikwe hapa. Lazima Mama aseme jina lingine. Baba mkubwa Maundu alikuja pia, na mwanawe Antony, ambaye alisimama nje karibu na banda la kuku kama mtu aliyeletwa kwa nguvu.

Nilipiga magoti mbele ya Mama. Sikufikiri, magoti yalienda yenyewe.

"Mwaitu, bado tuko. Mimi na Nzilani. Sitaolewa kama hutaki niolewe. Tuandike."

Akanitazama. Mara ya kwanza kwa wiki nzima. Aliweka kiganja shavuni mwangu, kiganja kigumu cha kuvuna, na nikaona midomo yake ikitengeneza herufi ya kwanza ya jina langu. Naapa niliiona.

Kisha akaangalia mlangoni.

"Andika Antony," akasema. "Ndiye alimfunika."

Antony aliingia ndani. "Mama, mimi sijaomba hii."

"Najua, mwanangu."

"Watalima tu kama kawaida," Antony akawaambia wanaume wote, macho yamejaa machozi. "Sitawatoa." Ni mtu mwema. Kuanzia leo tunakaa kwa wema wake.

Nilimpigia Nzilani. Alikuwa kazini, nyuma yake nikasikia mashine za kushona zikinguruma. Nilimweleza. Mashine zikaendelea, kisha akasema, "Wewe soma," na simu ikakatika.

Jumanne, 24 Februari

Mawe ya mpaka yamewekwa.

Jumamosi, 7 Machi

Nimeenda Katelembo. Nilimwambia Mama naenda kwa kikundi cha masomo. Akasema sawa, akanipa ndengu kwenye mfuko, nyingi kupita mahitaji ya kikundi chochote.

Ndila amekonda. Alikuwa na sare bado, mabegani ina madoa ya maziwa. Anasoma akiwa amesimama, akimbembeleza mtoto. Mtihani wa kwanza wa hesabu ameongoza darasa, lakini aliniambia kama habari ya mtu mwingine. Usiku analia, anasema shangazi, na hajui analilia nini, kwa kuwa alichotaka amepata. Aliniuliza habari za Mama kabla ya kuniuliza zangu. "Anakula?" akasema. "Bado anaumwa mgongo?"

Mtoto amenona. Shangazi Ndanu alimwita, "Kyalo! Njoo kwa susu!" Nikageuka.

"Tumembadilisha jina," Ndila akasema bila kuniangalia. "Kyalo. Mtoto wa safari. Lile lingine lilikuwa linanielemea, Mutheu. Kila nikiliita naona niko kwenye nyumba ya mtu."

Nilimwambia ni jina zuri.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa uani anapepeta ndengu za mwisho. Sikumsalimu kwa uongo wowote na yeye hakuniuliza kikundi kilisoma nini. Alipepeta ungo mzima. Kisha, akiwa ameinamisha uso:

"Amekua?"

"Amekua, mwaitu."

"Anacheka?"

"Anacheka. Ukimgusa kidevu."

"Babako alikuwa hivyo." Upepo ulichukua maganda ukayapeleka kule kwenye mawe ya mpaka. "Na jina. Bado wanamwita Mwendwa?"

Mikono yake ilikuwa imetulia. Huyu ndiye mama aliyenirudishia kitambulisho changu mkononi mbele ya watu. Nilikuwa na ukweli mdomoni, na ulikuwa haki yangu.

"Ndiyo," nikasema. "Wanamwita Mwendwa."

Akaitikia kwa kichwa. Nikachukua ungo wa pili nikaketi kando yake, na tukapepeta mpaka zikaisha.